Mashahidi Watatu wa Msiba Mmoja

Mimi ni mtu wa nyumbani. Cherehani yangu iko barazani, Chapwa, na mke wangu hupenda kuwaambia wateja kwamba nikitoka getini mbwa wetu hunibwekea, kwa sababu hajazoea kuniona kwa upande wa nje. Tunduma nzima inavuka mpaka wa Zambia kwenda na kurudi, watu wanabadilisha kwacha na shilingi, mimi napiga pindo la sketi. Elimu yangu ni kidato cha nne. Naisema mapema kwa kuwa habari yenyewe ni ya chuo.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu wa Ndalambo, alikuwa mwaka wa mwisho chuoni. Alikuwa anaandika ripoti ya utafiti kuhusu wanawake waliokuwa wakileta mchele wa Kamsamba hapa mjini zamani. Ripoti ya kwanza msimamizi wake aliirudisha, maana nusu yake ilitoka mtandaoni, kwenye kurasa ambazo hazina hata jina la mwandishi. Akamwambia arudi kwao akawatafute watu, na kila atakachoandika aeleze nani kasema, na huyo aliyesema kajuaje. Ikirudi tena, asingehitimu na wenzake. Na dada yangu alishatamka wazi kwamba mwaka mwingine wa chuo hawezi kuulipia, shamba limeshatoa lilichokuwa nacho.

Basi siku hiyo akaja barazani kwangu na kompyuta yake, simu imejaa sauti alizorekodi, na uso wa mtu aliyemaliza mtihani.

"Mjomba, sura ya nne imekaa. Nina watu watatu, na wote wanakubaliana."

Ripoti ilikuwa kwa Kiingereza, kwa hiyo alinitafsiria, kwa heshima, nisije nikatikisa kichwa mahali pasipostahili. Ilisema kwamba bibi mmoja wa mtaani kwetu, aliyefariki miaka michache iliyopita, ndiye mwanamke wa kwanza kuleta mchele kutoka Kamsamba. Kisha akanisikilizisha simu. Mzee wa kanisa alisema: "Ndiye aliyefungua njia ya mchele, wengine wakafuata nyayo zake." Mzee aliyekuwa na mashine ya kukoboa akasema hivyo hivyo, na zile 'nyayo zake' humo humo. Bibi mmoja wa Ndalambo, rafiki wa marehemu, naye akasema vivyo hivyo.

"Maneno mazuri," nikasema. Nilisikia raha kabla sijajua kwa nini.

"Eti eh? Watu watatu, hawakukaa pamoja, na wamesema kitu kimoja."

"Hapo kwenye nyayo hasa. Pale palinisumbua."

"Palikusumbua vipi?"

"Kwanza niliandika 'wakafuata nyuma', nikaona halina uzito."

Akazima simu.

"Mjomba. Uliandika wapi?"

Hapa inabidi nieleze kazi yangu ya pili, isiyo na ujira. Kwetu mtu akifariki, kabla hajazikwa husomwa wasifu wake: alizaliwa wapi, alisoma wapi, aliacha watoto wangapi. Mtaani kwetu anayeuandika ni mimi, kwa sababu mwandiko wangu unasomeka na kwa sababu sijawahi kukosekana nyumbani. Asubuhi ya mazishi wanawe wanakuja barazani, wanasema wote kwa pamoja, na mimi natengeneza sentensi. Siku ile binti mkubwa alisema mama yao aliuza mchele wa Kamsamba tangu zamani sana. Nikauliza kabla yake nani aliuza. Hakuna aliyejua. Basi akawa wa kwanza. Katika wasifu sijawahi kuona marehemu aliyekuwa wa nne.

Ukasomwa kwa kipaza sauti, watu wakalia, wakala, wakarudi makwao na sentensi yangu vichwani.

"Kwa hiyo sina watu watatu," mpwa wangu akasema polepole. "Nina mmoja. Na ni wewe."

Mke wangu alikuwa mlangoni, ungo mapajani, anachambua mchele. "Pole, mwanangu," akasema. "Na huyo mmoja mwenyewe hajawahi kufika Kamsamba."

"Kuna joto sana kule," nikajitetea.

"Nani kakuambia?"

Nikafikiri. Alikuwa ameniambia yeye.

Nilimshauri binti aache kama ilivyo. Msimamizi hawezi kufunga safari hadi Chapwa kuulizia marehemu.

"Hatakuja huku, mjomba. Ataniuliza mimi, mbele ya watu. Ataniuliza hawa wamejuaje. Nimjibu nini?"

Akawapigia wale wazee. Mzee wa kanisa alijibu bila wasiwasi wowote: "Si ilisomwa msibani?" Yule wa mashine, alipobanwa kidogo, akasema yeye alihamia mjini wakati biashara hiyo imeshakuwa kubwa. Akabaki bibi wa Ndalambo, naye hana simu.

"Mpeleke," mke wangu akaniambia. "Umemwaga wewe, deki wewe."

Ndivyo nilivyotoka getini. Mbwa alibweka.

Bibi tulimkuta anapukuchua mahindi. Tulipomwamkia na kujieleza, alinigeukia mimi.

"Kumbe ndiye wewe mwandishi. Una maneno matamu. Nikifa mimi, uandike hivyo hivyo."

"Bibi," mpwa wangu akasema, "yale uliyoniambia, uliyaona au uliyasikia?"

"Niliyasikia siku tunamzika."

"Na uliyoyaona wewe mwenyewe?"

"Hayo hukuniuliza. Uliniuliza habari za marehemu, nikakupa zilizosomwa."

"Mbona hukupinga pale msibani?" nikamuuliza.

"Nisimame kaburini nibishane na karatasi yako?"

Kisha akasimulia. Walipofika Kamsamba mara ya kwanza, yeye na marehemu, walikuta wanawake wengine wameshatangulia, wananunua. Hakuna aliyekuwa akijua nani alianza. Shida yao ilikuwa gari. Madereva walipakia kwanza magunia ya wanaume, ya wanawake yakabaki chini hadi mvua ikayakuta. Marehemu ndiye aliyewakusanya wanawake wakachanga magunia, wakajaza lori zima peke yao, dereva akakosa sababu ya kuwaacha. Alisimulia huku mikono inaendelea na mahindi, na kila mara mpwa wangu alipouliza kitu asichokijua, bibi alisema "hapo sijui" na kuendelea.

"Kuna mwingine aliyekuwepo?" binti akauliza. "Ambaye hakuja msibani?"

Alikuwepo mmoja, aliyeolewa Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Namba yake tuliipata kwa mjukuu wake. Tukampigia tuliporudi nyumbani. Alizungumza Kiswahili kilichochanganyika na Kibemba, mke wangu, anayekielewa, akatusaidia palipokwama. Naye akaeleza habari ya lori, bila kuulizwa. Ila yeye alisema lori lilikuwa la bluu, wakati bibi wa Ndalambo alisema la kijani. Tena alisema wazo lilikuwa lake, marehemu alilisemea tu kwa sababu alikuwa na sauti kubwa.

Nikadhani binti ataumia. Alikuwa anatabasamu.

"Hawakubaliani," nikamwambia, kama hakusikia.

"Hawakuambizana, mjomba. Kila mmoja anakumbuka ya kwake. Lori wanalo wote wawili."

Akaiandika sura upya, na ubishi wa rangi akauacha humo humo, na ubishi wa wazo la nani. Wasifu wangu nao hakuutupa. Aliuweka mahali pake, kama ushahidi wa jinsi watu walivyotaka kumkumbuka marehemu, siyo wa kilichotokea. Nilimshukuru. Nilikuwa nimejiandaa kufutwa kabisa.

Siku aliyoitwa na msimamizi sikushona kitu cha maana. Nilipachika mkono wa blauzi kinyume, nikaufumua, nikaurudisha kinyume tena. Mchana simu ikaita.

"Kaniuliza wamejuaje, mjomba. Mmoja mmoja."

"Ukasemaje?"

"Nikamwambia. Nikamwambia na yale nisiyoyajua. Kasaini."

Mama yake alikuwa shambani, mtandao unamkatikia, kwa hiyo binti akaniomba nimfikishie mimi. Nilimpata dada yangu baada ya kupiga na kupiga. Nikamwambia imepita, mtoto anahitimu na wenzake. Akanitaka nirudie. Nikarudia, bila kuongeza neno.

"Haya," akasema. "Ngoja nimalizie tuta hili, ndipo niende nikawaambie watu."