Nusu ya Upande wa Pili

Muuguzi wa kliniki ya sukari aliniambia jambo lililoonekana dogo. Kabla hujaanza kula hotelini, alisema, gawa chakula. Nusu iweke kwenye sahani nyingine, mbali, mahali mkono haufiki. Ukishaanza kula huwezi tena kugawa, kwa sababu mkono hausikii.

Kazi yangu ni kutengeneza friji za soda, za samaki, za maziwa. Leo niko Muhoroni, kesho Pap Onditi, keshokutwa nimerudi Kisumu na vumbi la barabara shingoni. Nimepanga nyumba Migosi, lakini jiko lake halijui moto. Tangu nimalize kidato cha nne sijawahi kutulia mahali muda wa kutosha kununua sufuria ya maana. Chakula changu ni cha hoteli, na niliposikia kwamba natakiwa kuhesabu kalori nilijua shida itatokea wapi.

Simu yangu niliiwekea programu ya kuhesabu. Ilivijua vyakula vya nchi ambazo sitazifikia. Ugali iliujua pia, lakini kwa gramu, na mimi sijaona hoteli inayopima ugali kwa gramu. Hupimwa kwa jicho la anayepakua, na jicho hilo hukutazama kwanza. Anayevuta mkokoteni anapata mlima, karani anapata kichuguu. Mafuta ndiyo yalinishinda kabisa. Nilipouliza samaki ametiwa vijiko vingapi, mpishi alinitazama kana kwamba nimemuuliza idadi ya nywele zake.

Hoteli niliyoipenda iko kando ya ziwa. Zamani ilikuwa chini zaidi, pale palipo na maji sasa. Ziwa lilipopanda liliichukua, na mama mwenye hoteli akahamisha meza zake juu kidogo. Ukikaa upande wa dirisha unaziona nguzo za ile ya zamani zimesimama majini, na gugumaji limetanda katikati yake kama sakafu ya kijani.

Katika ile ya zamani nilikula na kaka yangu miaka mingi. Tuliagiza samaki mmoja mkubwa, ngege, na ugali mmoja, tukakaa tukitazamana, sahani katikati. Yeye alikula kwa mkono wa kushoto. Nyumbani walimchapa sana aache, akaacha mbele yao tu. Kwa vile mimi nilitumia wa kulia, mikono yetu ilikutana upande uleule wa sahani, tukigombania tumbo la ngege. Sukari ilimwanzia kwenye kidole cha mguu. Wakakata kidole, wakakata mguu, halafu tukamzika.

Na sasa kidole changu cha mguu kilikuwa kimeanza kufa ganzi. Muuguzi alikichoma kwa ncha ya kalamu, nikamwambia sisikii. Alisema uzito na sukari vikikataa kushuka kabla ya kliniki ijayo, mguu huo utaangaliwa na daktari wa upasuaji.

Kwa hiyo nikaanza kugawa. Niliomba sahani tupu, nikahamisha nusu ya ugali, nusu ya samaki, nusu ya mboga, nikaisukuma ng'ambo ya meza mbele ya kiti kitupu. Mama mwenye hoteli akaniuliza hiyo ingine ni ya nani. Nikamwambia ni yangu, ila siili. Alicheka, akasema hajawahi kuona mtu anayeagiza chakula cha kuangalia.

Wateja nao walipata la kusema. Dereva mmoja wa tuktuk aliwaambia wenzake, "Mzee amekuja na bibi, sema huyo bibi anaonekana na yeye tu." Watu wakacheka, mimi pia nikacheka.

Sijui kicheko kiliisha lini. Nilichokuja kugundua ni kwamba saa ya chakula cha mchana, hoteli ikijaa na watu wamesimama na sahani mkononi, hakuna aliyekalia kile kiti. Siku moja mgeni alikivuta. Mtu wa meza ya jirani akamnong'oneza kitu kwa Dholuo, naye akakirudisha polepole, kama unavyorudisha kiti chumbani mwa mgonjwa aliyelala. Msichana wa maji ya kunawa alinimwagia mimi, kisha akazunguka na karai na birika hadi ng'ambo ya pili, akasimama pale kidogo, ndipo akaenda.

Nilielewa walichofikiri. Sahani iliyojaa mbele ya kiti kitupu, huku kwetu, hakuna anayeifikiria kuwa mambo ya kliniki. Ningeweza kueleza. Sikueleza, kwa sababu ilinipendeza kidogo.

Nikishamaliza nusu yangu nilipenda kutazama zile nguzo majini. Ndege weupe hutua juu yake, mmoja kila nguzo. Nikigeuza macho mezani naikuta sahani ya pili tupu, na mifupa imepangwa ukingoni vizuri, mikubwa kwa midogo. Nilidhani mama anakiondoa chakula ampe mtu. Nikaandika nusu kwenye simu na kwenda zangu.

Siku ya kliniki nilipanda mizani nikiwa na imani. Uzito ulikuwa umepanda, sukari pia. Muuguzi alichukua simu yangu, akapitia siku zote nilizoandika, akanirudishia.

"Baba," alisema, "huyu mtu wa kwenye simu anakula vizuri sana. Lakini si yeye amepanda kwa mizani yangu."

Nilitoka nikiwa na hasira. Nilikuwa nimeandika kila tonge. Nilikwenda moja kwa moja hadi hotelini, nikaagiza, nikagawa, nikala nusu yangu, nikatazama maji. Nilipogeuka sahani ya pili ilikuwa tupu. Nikamwita mama, nikamuuliza nani huila.

Alijipangusa mikono kwenye aproni, tena na tena, mikono iliyokuwa imeshakauka. Hakukaa kwenye kile kiti. Alivuta kreti ya soda, akaikalia.

"Unaniuliza mimi?"

Nikamwambia ndiyo, namuuliza yeye.

Alinieleza bila kuniangalia. Kwamba namaliza sahani yangu, natazama ziwa, halafu nainuka. Nazunguka meza, nakaa upande wa pili, na nakula yote polepole bila neno. Nikimaliza narudi mahali pangu, nageukia dirisha tena, na baadaye naita maji.

"Na unakula na kushoto," alisema. "Vile yeye alikuwa anakula. Mimi nilimjua, fundi. Siku ya kwanza nilienda nikasimama huko nje."

Nikamwambia haiwezekani.

"Nusa mkono."

Nilikuwa sijanawa. Mkono wa kulia ulinuka samaki, hiyo ni haki yake. Nikainua wa kushoto. Ulinuka samaki na pilipili, na ugali ulikuwa umeanza kukauka kwenye kucha. Niliutazama kama mtu anayerudishiwa kitu ambacho hakukiazima.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia siku zote hizo.

"Nikwambie nini? Mtu akikula na ndugu yake, unamkatiza?"

Hofu ilikuja, lakini ilichelewa. Kabla yake nilipata furaha, na hiyo furaha ndiyo iliyonikosesha usingizi baadaye.

Muuguzi nilimweleza yote, hata mkono. Hakucheka. Alisema sukari ikikaa juu muda mrefu akili nayo huchoka, mtu anaweza kufanya jambo asijue. Akaandika kitu. Kisha akaweka kalamu chini na kuniuliza kama nataka mguu wangu ama nataka nini. Njia nzima ya kurudi Migosi niliona aibu kwamba jibu halikuwa tayari.

Siku kadhaa nilikula kwingine, mihogo ya barabarani, chai tupu. Kidole cha pili kikaanza ganzi. Ndipo nikarudi hotelini, nikaingia hadi mlango wa jikoni, nikamwomba mama agawe mwenyewe huko ndani, aniletee sahani moja yenye nusu. Hiyo nyingine ibaki kwenye sufuria, apewe mtu yeyote.

"Una hakika?" aliuliza. Alikuwa akitazama meza yangu, hakunitazama mimi.

Nikamwambia nina hakika.

Nilikaa mahali pangu, mgongo kwa dirisha ili nisiyaone maji. Mkono wa kushoto niliukalia. Nilikula kwa wa kulia, na chini ya paja ule mwingine ulikuwa na joto, ukikunja na kukunjua vidole kama mtoto anayengoja kuitwa. Nusu ya samaki huisha haraka kuliko unavyodhani. Sikujua hilo mpaka siku hiyo.

Nilikuwa nafyonza kichwa alipoingia mtu mwenye gunia begani, mgeni kabisa. Hoteli ilikuwa imejaa. Alizungusha macho, akaja kwangu, akashika mgongo wa kile kiti na kuuliza kama kina mtu.

Kelele za meza nyingine zilipungua. Msichana wa maji alisimama na birika lake. Mama alikuwa mlangoni mwa jikoni.

"Hakina mtu," nikasema.

Alikaa kwa kishindo, gunia katikati ya miguu, akaagiza ugali mkubwa na samaki mzima. Niliandika nusu kwenye simu, na safari hii ilikuwa kweli. Sahani yake ilipofika nikainuka nikiwa bado na njaa na kutoka nje, kwa sababu sikutaka kuona angeanza kwa mkono upi.