Majivu ya Sufuria, Nikeli ya Injini

Nilisugua kifuniko cha injini kwa majivu. Sina kisingizio. Kidato cha nne nilimaliza, kemia nilisoma, na bado nilichukua karai la majivu la mama jirani, nikayachanganya na maji, nikakipaka kifuniko cha alumini kama tunavyopaka sufuria huku kwetu, nikakiacha tangu asubuhi hadi saa kumi. Kiling'aa! Sufuria iking'aa hivyo, mwenyewe huianika nje makusudi, majirani waumie.

Nilikuwa na haraka ya kisasi. Kazi yangu ya kupaka vyuma nikeli huifanyia uani kwangu, slipa miguuni, karibu na chai: ndoo ya maji ya nikeli, betri ya gari, nyaya mbili. Fundi mmoja wa Kondele aliniita "fundi wa slipa" mbele ya wateja, kisha akaniongezea ushauri. "Mzee, alumini ina ngozi yake. Ipitishe kwa maji ya zinki kwanza, la sivyo nikeli haitashika." Ushauri wa adui! Nikaapa zinki sitaigusa.

Basi mwenye mashua mmoja wa Usenge, aliyekuwa na vifuniko vingi vya kupakwa nikeli, alimpa kila mmoja wetu, mimi na huyo fundi, kimoja cha kujaribia. Changu ndicho nilichokisugua kwa majivu, kisha nikakipaka nikeli. Vingekaa ufuoni mwezi mzima, na ambaye chake kingedumu angepewa vyote vilivyobaki.

Wiki ya pili changu kilikuwa na vishimo kama uso wa mtu aliyepona tetekuwanga. Majivu yalikuwa yameitafuna alumini, na nikeli, kwa kukosa zinki, ilibanduka vipande vipande.

"Yawa," mwenye mashua akasema, "hiki ni kifuniko ama ni samaki ngege anatolewa magamba?"

Kazi ikaenda Kondele. Yule fundi naye akakiomba kifuniko changu, akakitundika mlangoni pake kwa msumari, kila mteja akione.

Miezi miwili nilimchukia kwa bidii ambayo sijawahi kuipa kazi yoyote. Nilipanga matusi yangu nikiosha vyombo, nikayapunguza, nikayaongeza chumvi. Kwa siri nikanunua zinki. Nilijaribu kwenye vipande vya sufuria kuukuu, nikivikunja na kuvikunjua, hadi siku moja kipande kikavunjika kabisa na nikeli haikubanduka. Nikatafuta kifuniko kikuukuu cha injini, nikakipaka kizima, nikakifunga ndani ya shati langu la kanisani, nikavaa viatu na kutoka nyumbani. Majirani walisimama kutazama.

Nilikiweka juu ya meza yake bila salamu. "Kwaruza."

Akakwaruza ukingoni kwa msumari, akakwaruza tena. Hakuna kilichobanduka. Nikasubiri kumwona akinywea. Badala yake alicheka, akakishusha kile cha mlangoni na kunikabidhi.

"Sasa umepitisha zinki, Mzee! Njoo Jumatatu. Vifuniko vya Usenge vimenizidi, tugawane."

Nilimchukia upya papo hapo. Matusi ya miezi miwili, na hata moja sikupata pa kuliweka. Nikakubali, lakini kwa sauti ya mtu anayekataa.

Nyumbani nikamwambia mama jirani kwamba hatimaye nimemshinda yule mtu. Alikuwa amechuchumaa, anasugua sufuria kwa mchanga mtupu. Hakuinua kichwa.

"Umeshinda nani, Baba? Yeye alikuambia zinki, mimi nikakuambia hayo majivu ni ya sufuria. Na karai langu liko wapi?"