Masizi Mgongoni mwa Pola

Huko Ganda, mtoto akipatwa na nyuni, ule ugonjwa wa kukakamaa na kushtukashtuka, watu humwita Kahonzi, mganga wa watoto. Humpaka mwili mzima masizi yaliyokorogwa kwa mafuta ya nyonyo, na hayaoshwi hadi siku ya saba. Kazi hiyo ameifanya miaka ishirini, na hakuna aliyewahi kumwambia amekosea.

Siku aliyoletewa Pola, kitoto cha miezi mitano, alimvua nguo akasita. Mgongoni palikuwa na mabaka meupe yaliyofifia, membamba kama majani ya mwarobaini. Matano. Ghafla Pola akajikunja, mikono ikatanuka, akanyooka. Akajikunja tena, na tena.  Kahonzi aliyajua mabaka hayo. Anayo Nzai, mwanawe wa miaka kumi na minne, asiyeweza hata kuita mama.

"Mbona humpaki?" akauliza Kahaso, nyanyake Pola.

"Huyu twende naye hospitali, mayo."

"Mpake kwanza!"

Akampaka, mwoga yule! Ndipo wakaenda.

Kwenye zahanati, daktari Trizah alimkuta mtoto mweusi tititi, tena ametulia tuli. "Kujikunja huko ni gesi tu tumboni," akasema, akaandika dawa, akaita mgonjwa mwingine.

Mlangoni Kahonzi alishindwa kupiga hatua. Wakirudi nyumbani, masizi yatakaa siku saba, na kila siku mtoto atazidi kupotea kama alivyopotea Nzai.  Akampokonya Kahaso mtoto, akakimbilia mferejini.

"Usimwoshe! Utaniulia mjukuu wangu!"

Kahaso alimtwanga makonde ya mgongo, watu wakajaa, lakini Kahonzi alisugua tu, machozi yakimtoka, hadi mabaka yakaonekana. Akaingia kwa daktari bila kubisha hodi, akamgeuza mtoto. Pola akaanza tena kujikunja.

Trizah akasimama. Akamulika mgongo kwa taa, akahesabu.

"Huu ni ugonjwa wa ubongo, na alama yake ni hizi za ngozi. Huko kujikunja ni kifafa. Anakwenda hospitali ya Kilifi leo hii. Akiwahi dawa, kuna matumaini." Akamtazama Kahonzi. "Nani alikufundisha kuyatambua, mama?"

"Mwanangu," Kahonzi akajibu, mikono ingali myeusi. "Yake niliyaona tangu akiwa mchanga. Kila yalipojitokeza, nikaongeza masizi."