Mwenye Ngazi

Ukingoni mwa mto, nyuma ya uwanja wa ndege wa Itami, wapiga picha wa ndege wote walimwita mzee mmoja Mwenye Ngazi. Kila jioni aliisimamisha ngazi yake fupi, akapanda hadi kichwa kikavuka uzio. Ndege ikija alivua kofia kuisalimu, ndipo akabonyeza kamera. Wenzake wakionyeshana picha, yeye husema tu, “Zangu leo mbaya.”

Leo Mitsue, anayesimama naye siku zote, alitazama kamera ile akaangua kicheko. “Mzee wangu! Jioni nzima unapiga na kifuniko kwenye lenzi?”

Hakushtuka. “Sikusahau, binti. Kiwepo kisiwepo, kwa macho yangu sasa ni mamoja.”

Kicheko kikamkauka Mitsue. Ndege ikawapita vichwani, ikatua. Mzee bado ameinua kamera, anapiga anga tupu.