Buku la Mboko Lililotunzwa Ubwari

Miaka ya vita, kazi yangu katika mji wa Baraka ilikuwa kuandika vizazi na vifo. Kila mtoto aliandikwa katika mabuku mawili: moja letu, jingine la kupelekwa Uvira. Barabara ilipofungwa, tuliyafungia yote mawili katika kabati moja, tukingoja gari. Wasomi wazima! Biro, ofisi yetu, ilipoungua, yaliungua pamoja, na watoto wa mwaka mzima wakapotea.

Mkuu wetu, mzee mkavu asiyecheka, akaleta mpango: tangu siku hiyo, buku la pili la kila mji litunzwe na mji mwingine, ikiwezekana ng'ambo ya maji. La Mboko likaenda Ubwari, kwa mke wa mhubiri aliyejua kuandika. Nilimcheka kisogoni. Serikali ikaweke hazina yake kwa waanika samaki wa ndagala?

Haukupita muda, watu wa Mboko wakakimbia na biro yao ikateketea. Baada ya miezi, mama mmoja wa huko alitufikia. Katika mbio zile binti yake mdogo alibebwa na majirani hadi kambi ya wakimbizi ng'ambo ya ziwa, upande wa Kigoma. Sasa wakubwa wa kambi walitaka karatasi ya kuonyesha kwamba ni wake, la sivyo mtoto angepewa watu wengine. Nikapanda naye mtumbwi mpaka Ubwari.

Mke wa mhubiri alitoa buku ndani ya chungu kilichozibwa kwa udongo. Lilinuka samaki, lakini halikupungua hata ukurasa. Tena kurasa zilipomwishia, alikuwa ameendelea juu ya karatasi za mifuko ya simenti: watoto wa Mboko waliozaliwa porini, kama waliokimbia walivyomweleza, mmoja mmoja, na siku yake na mama yake. Hakuna aliyemtuma. Nikaona haya kwa kicheko changu. Sisi wenye muhuri tulikuwa tumekimbia. Yeye hakuacha kuandika.

Jina la binti tulilipata. Niliandika karatasi yake. Mama, asiyejua kusoma, aliomba nimwonyeshe jina bukuni. Akaweka kidole pale, kisha akakishusha mstari wa chini.

"Na huyu?"

Nikamsomea. Akashusha tena, nikasoma tena, hadi mwisho wa ukurasa.

"Bale umesoma balikufa bote mu mbio zile," alisema, "na bamama yabo. Hakuna mutu atakuya kubaulizia. We usibafute mu buku."

Kisha akaikunja karatasi ya binti yake, akauliza mtumbwi wa Kigoma unaondoka lini.