Dalili Zangu Zote Tatu

Juzi, hapa Msambweni, dresa wa zahanati alitukusanya kutueleza kwamba wazimu ni maradhi kama homa, si aibu. Akataja dalili: kukosa usingizi, kusema peke yako, kucheka ovyo.

Nikanyoosha mkono. "Bwana, ninazo zote!"

Watu wakaangua kicheko, isipokuwa mama mmoja wa Kikoneni. Alinitazama kuanzia kofia hadi makubadhi, akamgeukia dresa.

"Kaka yangu nimemfunga kamba nyumbani kwa hizo hizo. Huyu mbona mmemwacha?"

"Huyu, mama, hata gazetini anaandika."

"Lahaula! Basi naenda kumfungua, nije naye umtibu."

Akajifunga leso kiunoni, akatoka mbio.

Wasomaji wangu, nimeitwa mwehu katika bandari nyingi. Hii ndiyo mara ya kwanza wehu wangu kumfaa mtu.