Sponji za Mama

Mama yangu anashona mito, nyumbani kwake Ngamiani. Sponji anazipata kwenye makochi ya mtumba na viti vya magari vilivyochakaa. Anazichambua kwa mkono, anazijaza kwenye foronya, kisha anaipeleka mito gulioni Maramba. Chumba cha mbele ndicho anachofanyia kazi, na humo ndimo binti yangu alimojifunzia kutambaa, maana nikienda kazini namwacha kwa bibi yake.

Siku moja kliniki, baada ya watoto kupimwa uzito, bwana afya alituzungumzia vumbi la majumbani. Alisema sponji nyingi za zamani zilitiwa dawa ili zisishike moto upesi, na zikichakaa dawa hiyo hutoka na vumbi. Mtoto anayetambaa huilamba mikononi. Nikamuuliza inadhuru vipi.

"Inaweza kuvuruga homoni, hasa za tezi ya shingo. Ila kwa mtu mmoja mmoja, hakuna awezaye kukuhakikishia."

Nilirudi nikamkuta mtoto amekaa juu ya lundo la sponji, ungaunga wa manjano umemganda mdomoni. Nikamnyanyua, nikamwosha kabla hata sijaamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona wamsugua hivyo, kama katoka jalalani?"

Nikamweleza. Alinisikiliza huku anachambua. Nilipomaliza akasema, "Na wewe ulitambaa wapi? Si humu humu?"

Macho yake yakashuka shingoni kwangu, kwenye kovu la upasuaji wa tezi niliofanyiwa kabla sijaolewa. Mkono wake ukasimama.

"Kasema ndiyo yaliyokupata?"

"Hakusema, mama. Wala sikumuuliza."

Asubuhi yake nilikuta magunia yamehamishiwa uani, na mama anapiga deki hadi uvunguni. Alioga, akabadili kanga, ndipo akampokea mjukuu wake. Mimi nikaenda kazini, nisijue kama nimemsaidia au nimemtwisha mzigo.

Mito bado anashona, kwani ndiyo inayomweka mjini. Nimemnunulia barakoa, naye huivaa nikiwepo. Mtoto anakula, anacheza, uzito wake mzuri. Juzi jirani alimnunulia mwanawe mchanga mto kwa mama, akaniambia ulivyo laini. Nikamshukuru, nikasimama pale mlangoni kwake nikitafuta namna ya kuanza kumweleza, mwisho nikaaga.